Trekta la Mafiga Matatu

Watu wa Bagira wakikuambia kwamba trekta letu lilikuwa limekufa, waulize ni daktari gani aliyewathibitishia. Lilikaa miaka ishirini chini ya kibanda cha mabati katika kiwanja cha marehemu Papa Stanislas, kuku wa mkewe wakitaga ndani ya boneti, na mimi kila nikipita pale nililisalimu. Walionicheka waendelee kucheka. Naitwa Adèle, Mama Aganze kwa wanaonijua, na sijawahi kuomba ruhusa ya mtu ili nipende kitu.

Trekta lilikuwa la ushirika wetu wa wakulima wa Kasha, kule ambako mji wa Bukavu unachoka na mashamba yanaanza. Tulilipata kwa viazi na kabichi za misimu mingi. Papa Stanislas ndiye aliyekuwa dereva, na mimi nilikaa juu ya bawa la gurudumu, nikishuka kung'oa mawe. Alinifundisha kuendesha kwa sababu, alisema, dereva mmoja akiugua malaria shamba zima linaugua.

Kisha vita vikaingia mjini, na askari wa kila rangi wakawa wanapakia chochote chenye magurudumu. Papa Stanislas alituita kiwanjani kwake akafanya jambo ambalo sijasikia limefanywa kwingine. Alilifungua trekta, akatugawia viungo vyake.

"Kila nyumba ibebe mufupa wake," alituambia. "Batu ya bunduki bakikuya, bakute maiti. Na katikati yetu hakuna mwenye ataweza kuiuzisha, juu ya vile hakuna mwenye iko nayo nzima."

Nyumba moja ilichukua usukani, nyingine mota ya kuwashia. Pampu ya mafuta ilikwenda kwa Maman Martine, aliyekuwa anakimbilia kwao Kalehe. Na zile enjekteri nne, vichuma vidogo vinavyopulizia mafuta ndani ya injini, ziligawiwa watu wanne. Moja nilipewa mimi. Askari walikuja, wakalipiga trekta mateke, wakaondoka na mbuzi.

Ujanja ule ulifanya kazi kupita kiasi. Vita viliisha vikarudi, vikaisha vikarudi, na kila mara tulisema tungoje kidogo. Tukangoja hadi mvi. Tulirudia jembe la mkono, na ardhi ya Kasha ni nzito, inashika jembe kama inakudai. Siku hizi nikiamka asubuhi inanibidi niushawishi mgongo wangu kwanza, ndipo nisimame. Na binti yangu Ornella, akiinuka baada ya kupalilia, nimeona anashika kiuno palepale ninaposhika mimi. Siku nilipoliona hilo niliingiwa na hasira ambayo haijanitoka.

Papa Stanislas alipofariki, mpwa wake Jean-Claude ndiye aliyejitokeza kusema kwa niaba ya ukoo. Jean-Claude ana ofisi Ibanda, ana gari jeupe la jipu, ana viatu ambavyo havijui matope. Jumapili moja baada ya misa alitukusanya pale kiwanjani, mbele ya shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, akatuambia kwamba kiwanja kinasafishwa ajenge depo ya bidhaa. Trekta amekwisha kuliuza kwa Edouard, mnunuzi wa vyuma chakavu. Jumamosi Edouard atakuja na mitungi yake ya gesi, alikate vipande.

Maman Francine, mjane wa Stanislas, alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe kama mgeni. Hakuna aliyemuuliza kitu.

"Trakteri haiko ya familia," nikasema. "Iko ya ushirika."

"Ushirika gani, maman? Bazee ine na bajane?" Jean-Claude alicheka. "Hii iko feraye, chuma ya kutupa. Ingekuwa trakteri ingetembea. Mama Aganze, asiyekubali kushindwa si mushindani."

"Mashindano ilianza saa ngapi? Miye sikusikia filimbi."

Watu wakacheka, na ndicho kilichomponza. Mtu mwenye viatu vile hapendi kuchekwa mbele ya shefu. Akanyoosha kidole kuelekea kibandani.

"Bon. Ikitoka humu mu parseli, mu hii kiwanja, na nguvu yake yenyewe mbele Edouard hajaanza kukata, muibebe, ni yenu. Shefu iko shahidi. Isipotoka, sitaki kusikia tena kelele."

Shefu akaitikia kwa kichwa. Nami nikavua kitambaa changu cha kichwani, nikakifunga upya kwa nguvu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumatatu nilimpigia simu Tonton Philémon, fundi wa Sange, ambaye ameyatumikia matrekta ya mashamba ya mpunga katika tambarare ya Ruzizi tangu ujana. Alipanda kuja na sanduku lake la funguo za ufundi na koti alilolivaa siku zote, mchana na usiku, akilalamikia baridi.

"Huku kwenu Mungu alisahau kufunga mulango ya frigo," alisema. Kisha akalizunguka trekta, akafukuza kuku mmoja, akachungulia, akasonya. "Hii? Mama Aganze, uliniita kuya kutengeneza ao kuya kulia?"

"Nilikuita kuya kutengeneza. Kulia tunajua siye benyewe."

Tukaanza. Tulimimina mafuta ya dizeli ndani ya injini ili kutu ilegee, tukaiacha inywe. Maman Francine alihamisha kuku na mayai yao. Nyuma, matairi makubwa yalikubali pampu ya baiskeli, tukipokezana mpaka mikono ikafa ganzi. Ya mbele yalikuwa yamepasuka. Tukayashindilia majani makavu ya migomba hadi yakawa magumu. Tangi la mafuta lilikuwa kutu tupu. Philémon akafunga bidon ya manjano, dumu la plastiki, juu ya boneti kwa kamba, akaitoboa, akaingiza mpira wa kupitishia mafuta. Wanaume waliopita barabarani waliegemea geti na kutupa ushauri ambao hatukuuomba.

Na viungo vikaanza kurudi. Usukani ulikuja ukiwa umegeuzwa ngata ya kuwekea chungu. Mota ya kuwashia ilikuja ikiwa donge la kutu, haifai hata kuzuilia mlango. Enjekteri yangu niliileta kutoka chini ya godoro langu, ikiwa imefungwa ndani ya kipande cha kitenge, na nyingine mbili zikafika kutoka nyumba mbili za jirani.

Jumatano Maman Martine alishuka kwenye boti ya Kalehe akiwa na chungu kichwani. Hapa kwetu chuma huhifadhiwa kwa mawese: jembe, panga, mundu, vyote hupakwa mawese na kutundikwa juu ya jiko, kwenye moshi. Naye Maman Martine, kwa heshima aliyokuwa nayo kwa pampu, hakuipaka. Aliizamisha nzima ndani ya chungu, akakifunika, akakitundika juu ya moshi kwa miaka yote ile. Mawese yalikuwa yameganda, meusi, magumu kama sabuni ya kipande.

Philémon alichungulia ndani ya chungu, akakaa chini.

"Maman, hii iko pompi! Haiko samaki!"

"Samaki gani inakaa miaka makumi mbili bila kuoza?" Maman Martine alimjibu. "Nilipewa chuma, nilichunga chuma. Weye unajua kazi, fanya kazi yako."

Ikabidi tuipike. Sitanii. Tulikiweka kile chungu juu ya moto mdogo mpaka mawese yakayeyuka, tukaitoa pampu kwa koleo, Philémon akaiosha kwa mafuta ya taa mara nyingi, akaifungua kipande kwa kipande juu ya shuka safi ya Maman Francine. Kutu haikuwemo. Lakini sehemu zile nyembamba zilikuwa zimeshikana kwa ule ute, naye alikaa nazo siku nzima akizisugua kwa kidole na kuzinung'unikia. Jioni kitu kikateleza, kikarudi, kikateleza tena. Hakusema asante kwa Maman Martine. Ila alikula sahani mbili za bugali aliopika.

Ijumaa asubuhi Philémon alifunga enjekteri tatu, akanyoosha mkono.

"Ya ine."

Tukatazamana. Ya nne ilikuwa kwa Papa Stanislas mwenyewe. Macho yote yakageukia kwa mjane wake.

Maman Francine alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua kichwa.

"Iko mu koti yake," alisema. "Mu mufuko ya ndani. Kila siku alikuwa anaishika vile batu banashikaka rozari. Siku yenye alikufa, niliwaambia bamuzike na ile koti. Nilijua iko ndani."

Kisha mmoja wa wale washauri wa getini akasema kaburi si mbali, na majembe yapo. Maman Francine akaweka ungo chini taratibu.

"Bwana yangu hapana fukuliwa juu ya chuma," alisema. "Hata kama trakteri ya dunia yote inakatwa."

"Na mwenye atajaribu," nikaongeza, "ataanza na miye."

Nilisema kwa ukali, lakini moyo wangu ulikuwa umeanguka. Enjekteri ya trekta la aina ile huipati katika masoko ya Kadutu wala Nyawera. Toka Jumatatu tulikuwa tumetafuta vipuri vyake vingine bila kupata. Philémon alianza kupanga funguo zake ndani ya sanduku, moja moja, kama mtu anayeondoka kwenye matanga.

"Heri kuacha sasa, Mama Aganze. Moteri ya silinda ine haitembei na tatu."

"Haitembei ao haitembei muzuri?"

Ufunguo uliokuwa mkononi hakuuweka sandukuni. Nikaona nimemshika.

"Tonton, kule kwenu Sange, chungu inakalaka juu ya mafiga ngapi?"

"Tatu."

"Ilisha kuanguka siku moja?"

Aliangalia injini, akajikuna ndevu. "Itatetemeka," alisema. "Itatoa moshi ya kufukuza mashetani. Na ukiizima haitawaka tena, juu hakuna demareri ya kuiwasha, na ile pompi haina nguvu ya siku mbili."

"Basi sitaizima."

Akafungua tena sanduku. Tundu la nne aliliacha wazi lipumue, na bomba lake akaliinamisha ndani ya chupa ya bia iliyofungwa kwa waya, ili mafuta yake yasimwagike juu ya moto. Alifanya yote hayo akiniapisha nisimtaje kwa fundi yeyote wa Uvira.

Jumamosi Edouard alifika mapema na vijana wake na mitungi ya gesi. Ni mtu mpole, si adui yangu. Anakula kwa vyuma kama mimi ninavyokula kwa viazi. Aliketi juu ya mtungi wake akasema atangoja Jean-Claude aje atoe amri. Hiyo ndiyo nafasi tuliyokuwa nayo.

Kiwanja kile ni mteremko, kama kila kitu Bukavu. Geti liko juu, kwenye barabara. Kibanda kiko katikati. Chini kabisa kuna ukuta wa jirani. Bila mota ya kuwashia, dawa ilikuwa moja: tulipandishe trekta hadi getini, tuliachie lishuke likiwa kwenye gia, magurudumu yaamshe injini. Philémon aliuliza kama tuna gari la kulivuta.

Tulikuwa na kitu bora. Wanawake wa ushirika walikuwa wamekuja kila mmoja na mugozi wake, ule mkanda unaopita kwenye paji la uso, ambao mama zetu walitubebeshea kuni, na ambao nusu ya mji huu imepanda milima kwa nguvu yake: saruji, mchanga, mihogo, vyote kwa vichwa vya wanawake. Walifunga migozi kwenye kamba, kamba kwenye trekta, wakainama. Sijui kama umewahi kuona mapaji ya nyuso ya wanawake wa rika langu. Yana alama, mfereji mdogo ambao hautoki hata ukijipaka mafuta. Siku ile nilitamani kila mtu aione alama ile.

"Mushike!" nikapiga kelele. "Moja!"

Likasogea. Wavulana wa Edouard, waliokuja kulikata, walishindwa kukaa. Wakaanza kuweka mawe nyuma ya magurudumu lisirudi. Pumzi, jiwe, pumzi, jiwe. Maman Martine alikuwa mbele kabisa, na Ornella wangu nyuma yake. Tulilifikisha getini. Nikapanda kitini, Philémon akaifungua bidon yake kutoka kwenye boneti, akakaa juu ya bawa akiwa ameikumbatia. Kamba zikafunguliwa, mawe yakatolewa.

Tukashuka. Nikaachia klachi, magurudumu yakakwama, trekta likaruka, likakohoa wingu jeupe, likanyamaza. Tulisimama hatua chache kutoka ukuta wa jirani.

"Hewa," Philémon alisema. "Iko hewa mu mabomba." Akashuka, akalegeza, akakaza, mafuta yakimchuruzika kwenye kiwiko.

Wanawake walikuwa wamekwisha kuinama tena, bila mtu kuwaambia. Mara ya pili tulipanda polepole zaidi.

Ndipo Jean-Claude alipofika. Aliona kamba, akaona trekta liko getini, akaona shefu wa kartie amekuja kwa miguu na watu wengi nyuma yake. Aliipaki jipu yake nyeupe ikaziba geti lote, akashuka, akatia ufunguo mfukoni, akakunja mikono.

Nikaachia.

Safari hii nilingoja hadi mwendo uwe mkali, upepo ukinipiga usoni, Philémon akimwita Bikira Maria kwa majina yake yote. Nikaachia klachi. Likagoma, likatetemeka, likapiga mlio mmoja mkubwa, kisha mwingine, kisha ikaja ile sauti. Nyie, ile sauti! Ilichechemea, tatu na pengo, tatu na pengo, na tundu la nne likipuliza kama mtu asiye na meno, lakini ilikuwa sauti yake. Moshi mweusi ukafunika kibanda. Nilikuwa nalia na nilikuwa natukana, vyote pamoja, na sioni haya. Nikakata usukani kabla ya ukuta, nikageuka, nikaanza kupanda.

Jean-Claude alisimama mbele ya jipu yake.

"Zima!" akapiga kelele. "Zima tuongee!"

Hilo ndilo aliloling'ang'ania, nizime tuongee. Alikwisha kuambiwa na wale washauri wa getini kwamba likizimwa haliwaki. Nilizunguka kiwanja mara moja, nikazunguka tena. Mafuta ndani ya bidon yalikuwa yanashuka. Edouard alisimama akahamisha mitungi yake isinizibie njia, lakini geti ni geti, na jipu ni jipu. Kila nilipopita mbele yake, Jean-Claude alitabasamu zaidi.

Maman Francine alitoka mlangoni. Alipita katikati ya watu hadi kwenye ukuta wa kando, ule unaotazama njia ya Kasha, ukuta wa matofali ya udongo ulioloweshwa na mvua za msimu mzima. Akaupiga kwa kiganja.

"Mama Aganze! Pitia hapa!"

"Maman, hapana!" Jean-Claude alikimbia. "Ile ukuta ni ya familia!"

"Familia gani ilikanyaga hii udongo?" Nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti, hata siku ya mazishi. "Matofali hii nilifyatula miye, na mimba mu tumbo. Bwana yangu alijenga, miye nilifyatula. Weye ulikuwa wapi? Mama Aganze, bomoa!"

Nilimtazama mara moja nione kama ana hakika. Alikuwa amekwisha kusogea pembeni, ameshika kitenge chake kwa mikono miwili. Nikaweka gia ndogo kabisa.

Ukuta haukuanguka mara moja. Uliinama, trekta likapiga goti, sauti ikashuka mpaka nikadhani imekwisha, tatu, pengo, mbili, pengo. Philémon aliinua bidon juu ya kichwa chake ili mafuta yashuke kwa nguvu. Nikasikia wanawake wananijia kwa nyuma, mikono yao kwenye magurudumu, kwenye chuma, kwenye mgongo wangu. Nikawafokea watoe mikono. "Na nguvu yake yenyewe!" nikapiga kelele. "Muache! Na nguvu yake yenyewe!" Wakaacha. Likavuta pumzi, tofali moja likadondoka, kisha yote, na tukatoka juu ya kifusi hadi njiani, mchana kweupe, mbele ya shefu.

Sikusimama kupokea pongezi. Nilielekea Kasha moja kwa moja, moshi ukitufuata, kundi zima la watu likija nyuma. Jembe la trekta lilikuwa bado limefungwa nyuma, limeinuliwa kwa mnyororo, kama Papa Stanislas alivyoliacha. Pale shambani Ornella aliufungua mnyororo, sahani za jembe zikaanguka ndani ya udongo, trekta likanung'unika, likaenda. Mstari ulipinda vibaya. Lakini udongo uligeuka, mweusi, mpana, bila mgongo wa mtu kuinama, na Ornella alitembea kando ya mfereji ule akiutazama, mikono yake ikining'inia tu, bila kushika kiuno.

Nilipokuwa katikati ya shamba nilimwona Jean-Claude ukingoni, amekuja na polisi. Alikuwa anapiga kelele, anaonyesha ukuta, anaonyesha mimi. Sikusikia hata neno kwa mlio ule. Polisi alinipungia mkono nisimame.

Nami nikampungia mkono kwamba angoje, nimalize kwanza. Akatazama mfereji, akamtazama Jean-Claude, akatafuta jiwe kavu akaketi. Jean-Claude alibaki amesimama kwenye matope na vile viatu vyake, akingoja, na shamba letu ni refu.